Mlango unalindwa, kitabu kinaoza: Nani atakayeinusuru miswada ya kale ya pwani?

NENO ‘mswada’ linapotajwa humu nchini siku hizi, fikra za wengi hukimbilia Bungeni. Kuna mswada wa fedha, mswada wa ardhi, mswada wa elimu. Ni nadra mtu kukumbuka kwamba kabla ya neno hilo kutwaliwa na wanasiasa lilikuwa jina la maandishi ya mkono, na kwamba asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya weusi. Weusi huo ni ule wa wino juu ya karatasi.

Weusi huo sasa unafifia. Katika nyumba za kale za Lamu, Pate, Siyu, Mombasa na miji mingine ya mwambao, yamo masanduku yenye maandishi ambayo hayajawahi kuchapishwa, kuorodheshwa wala kupigwa picha. Kila msimu wa mvua huondoka na kurasa kadhaa. Wahenga walisema akiba haiozi. Akiba hii inaoza.

Miaka kadhaa iliyopita, katika mji mmoja wa pwani, nilikaribishwa nyumbani kwa mama mmoja mkongwe aliyesikia kwamba ninapenda mambo ya lugha. Alifungua kasha la mbao, akatoa furushi lililofungwa kwa kitambaa cheupe. Ndani mlikuwa na vitabu vitatu visivyo na majalada, kingo zake zimeliwa na mchwa, na karatasi nyingi zilizotengana zenye mwandiko mzuri ajabu.

“Haya ni ya babu, mwanangu,” alisema. “Aliyekuwa akiyasoma ni kaka yangu, na kaka yangu amekwisha kwenda mbele ya haki.”

Nilipomwomba ruhusa ya kupiga picha kurasa mbili tatu, alitikisa kichwa. “La, mwanangu, niwie radhi. Alikuja mgeni hapa akaazima kimoja, akasema atakirudisha baada ya Idi. Sasa Idi ngapi zimepita?”

Sikuwa na jibu. Lakini nimeyatafakari maneno ya mama yule mara nyingi, kwani yalibeba kiini cha tatizo lote. Msomaji amekufa, na imani imevunjika. Mchwa na mvua ni maadui tu wanaofaidi udhaifu huo.

Hazina yenyewe ni ipi?

Ni vyema kwanza kueleza ni kitu gani hasa kinachopotea, maana wapo wanaodhani kwamba habari hii inawahusu wanazuoni wachache wa dini pekee.

Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya maandishi haya ni ya kidini. Imo Misahafu iliyoandikwa na kunakshiwa kwa mkono huko Siyu, katika kisiwa cha Pate, baina ya karne ya 18 na 19. Vimo pia vitabu vya fikihi, nahau na kasida. Hata hivyo, pamoja na hayo mna hesabu za falaki, elimu ya tiba, barua za wafanyabiashara, hati za mashamba, wakfu, hiba na wasia. Katika eneo ambalo mizozo ya ardhi imekuwa donda ndugu tangu enzi ya ukoloni, haihitaji msomi kutambua thamani ya karatasi inayoeleza nani alimpa nani shamba, mbele ya mashahidi gani, na mwaka upi.

Aidha, sehemu ya maandishi hayo ni Kiswahili chenyewe kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Utenzi wa Tambuka, ambao pia huitwa Chuo cha Herekali, ulitungwa na Bwana Mwengo wa Athumani huko Pate, na una tarehe ya mwaka wa Hijria 1141, yaani 1728. Zipo pia barua kutoka Kilwa za mwaka 1711 ambazo zimehifadhiwa Goa, nchini India, kituo kikuu cha Wareno katika Bahari ya Hindi zama hizo.

Yaani zaidi ya miaka 130 kabla ya mmishonari Ludwig Krapf kuwasili Mombasa mwaka 1844, Waswahili walikuwa wakiandikiana barua kwa lugha yao. Anayedai kwamba Kiswahili kilikuwa lugha ya mdomo tu hadi Mzungu alipokuja na kalamu hana habari.

Historia yenyewe hutuonyesha gharama ya kuzembea. Kitabu cha habari za watawala wa Pate ni miongoni mwa vyanzo vinavyotegemewa mno na wanahistoria wa mwambao huu. Lakini tulichonacho leo ni nakala mbalimbali zilizoandikwa baadaye, nyingi zikiwa zimetokana na kumbukumbu za mtu mmoja, Bwana Kitini, na hazikubaliani katika kila jambo. Kwa mujibu wa mapokeo, kitabu cha asili kiliteketea mwaka 1890 wakati majeshi ya Uingereza yaliposhambulia mji wa Witu. Tangu hapo wataalamu wamekuwa wakibishana kuhusu tarehe na majina ambayo pengine ukurasa mmoja tu ungeyatatua.

Tofauti ni kwamba mwaka 1890 kulikuwa na mizinga. Leo hakuna anayetushambulia.

Sheria iliyosahau kitabu

Swali la kwanza ambalo raia angeuliza ni hili: Je, sheria inasemaje?

Jibu lake linashangaza. Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya 2006 ilipoeleza maana ya kitu cha kale kinachostahili ulinzi, ilisema ni kitu chochote kinachohamishika, kilichotengenezwa humu nchini au kuingizwa kabla ya mwaka 1895, isipokuwa kitabu au hati. Maneno hayo hayakuwa mapya. Yalirithiwa kutoka kwa sheria ya awali kuhusu vitu vya kale na majengo ya kumbukumbu, na waliotunga sheria mpya hawakuona haja ya kuyafuta.

Sheria iyo hiyo ilitaja milango waziwazi. Mlango au fremu ya mlango iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1946 ni kitu kilicholindwa. Hilo ni jambo jema. Yeyote aliyetembea katika vichochoro vya Lamu anajua jinsi milango ile ilivyokuwa ikitoweka na kwenda kupamba nyumba za matajiri kwingineko.

Lakini hebu tumtazame mtu mmoja, Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945. Kijuma alikuwa fundi wa kuchonga mbao, mwanamuziki, mtunzi na mwandishi wa hati. Kwa mkono wake alinakili tenzi nyingi ambazo pasipo yeye huenda zingetoweka. Kwa mujibu wa sheria yetu, mlango aliouchonga Kijuma umelindwa kwa jina. Kitabu alichokiandika kwa mkono ule ule hakikutajwa, na kile cha babu yake kilitajwa ili kiachwe nje.

Watetezi wa sheria hiyo watasema kwamba vitabu na hati vina sheria yake, ile ya Huduma ya Nyaraka za Umma iliyotungwa miaka ya 1960. Pia watasema kwamba Waziri ana uwezo wa kutangaza kitu chochote chenye umuhimu wa kihistoria kuwa kimelindwa. Hoja hizo zina uzito wake, lakini hazitoshi.

Sheria ya nyaraka ilijengwa hasa juu ya kumbukumbu za ofisi za serikali. Jicho lake liko kwenye majalada ya madiwani, mahakama na wizara, wala si kwenye kasha la mama mkongwe kisiwani Pate. Nao uwezo wa Waziri ni wa kutangaza kitu ambacho tayari kinajulikana kwamba kipo. Atatangazaje kitu ambacho hakuna orodha yake? Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Ajabu ni kwamba safari hii mali yenyewe ndiyo daftari.

Isitoshe, Katiba ya 2010 iligawa jukumu hili mara mbili. Kifungu cha 11 kiliitaka serikali kukuza utamaduni kupitia fasihi, machapisho, maktaba na turathi nyinginezo. Jedwali la Nne likaiachia serikali kuu majengo ya kale yenye umuhimu wa kitaifa, huku maktaba na makavazi ya mashinani yakiwekwa chini ya kaunti. Mswada wa kale ulio ndani ya nyumba ya mtu binafsi haukutajwa kwa jina upande wowote. Mambo yanapokuwa hivyo, kila ofisi hudhani nyingine inashughulika.

Wageni walichukua, lakini pia waliokoa

Ni rahisi kuwalaumu wageni. Anayetaka kuuona mswada mashuhuri wa Utenzi wa Tambuka sharti afunge safari hadi Hamburg. Krapf alituma miswada Ujerumani katikati ya karne ya 19. Karatasi za mmishonari William Taylor, za Alice Werner na za William Hichens ziko London, katika chuo cha SOAS. Ernst Dammann alikusanya mengi akiwa Lamu katika miaka ya 1930, nayo yakaishia Ujerumani. Baadhi ya Misahafu ya Siyu imefika hadi Marekani.

Mwanafunzi wa Kenya anayefanya utafiti kuhusu urithi wake mwenyewe huhitaji pasipoti, viza na nauli ya ndege.

Hata hivyo, haki itendeke. Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa, alifariki mnamo 1840. Mashairi yake mengi yalibaki vinywani mwa watu. Nusu karne baadaye, Mwalimu Sikujua wa Abdallah aliyakusanya kutoka kwa wazee na kuyaandika kwa herufi za Kiarabu, akishirikiana na Taylor. Hatimaye Hichens aliyachapisha mwaka 1940. Lau wawili hao wasingekutana, Mombasa ingebaki na jina la Muyaka tu, bila beti zake.

Tunachopaswa kutambua katika kisa hicho ni kwamba Taylor peke yake asingeweza lolote. Ufunguo ulikuwa mikononi mwa Sikujua. Vivyo hivyo kwa Kijuma na wale Wazungu waliomwandikia barua kutoka Ulaya wakimwomba nakala. Mgeni alikuwa na karatasi, pesa na matbaa. Mwenyeji alikuwa na elimu. Jina la mgeni liliandikwa kwa herufi kubwa kwenye jalada, la mwenyeji likaachwa katika utangulizi, penye shukrani.

Haikuwa lazima mambo yaende hivyo. Katika miaka ya 1960, J.W.T. Allen alizunguka mwambao akikusanya miswada na kanda za sauti kwa niaba ya chuo kikuu cha Dar es Salaam, na orodha yake ikachapishwa mwaka 1970. Mkusanyiko huo ulibaki Tanzania. Nako Zanzibar, mkusanyiko wa miswada na vitabu vya Kiarabu ulio katika hifadhi ya nyaraka visiwani humo uliingizwa mwaka 2003 katika sajili ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia. Majirani zetu hawana utajiri wa kutushinda. Walichofanya ni kuamua.

Picha si hifadhi kamili

Katika miaka ya hivi karibuni, matumaini ya wengi yamewekwa kwenye kamera na kompyuta. Mfano bora uko papa hapa nchini. Msikiti na chuo cha Riyadha mjini Lamu, kilichoasisiwa na Habib Swaleh mwishoni mwa karne ya 19, kina mkusanyiko wa miswada zaidi ya mia moja. Mwanzoni mwa miaka ya 2010, miswada hiyo ilipigwa picha chini ya mradi ulioongozwa na mtafiti kutoka Norway, Anne Bang, kwa ufadhili wa mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kunusuru kumbukumbu zilizo hatarini, ulioanzishwa mwaka 2004.

Jambo la kupongezwa zaidi ni kwamba vitabu vyenyewe havikuondoka. Kilichosafiri ni picha. Mwenye mali akabaki na mali yake, na ulimwengu ukapata kuisoma.

Lakini Oktoba 2023, Maktaba ya Uingereza ilivamiwa na wahalifu wa mitandaoni. Kwa miezi mingi, huduma zake za intaneti zilikwama, na picha za miswada kutoka pembe zote za dunia hazikuweza kufikiwa kwa njia ya kawaida. Ilikuwa ni fundisho kwa wale waliodhani kwamba kitu kikishawekwa kwenye kompyuta ya London kimekuwa salama milele.

Nayo Afrika ina fundisho lake. Aprili 2021, moto kutoka mlimani uliteketeza sehemu ya maktaba ya Chuo Kikuu cha Cape Town iliyokuwa na mkusanyiko mkubwa wa masomo ya Afrika. Jengo la mawe, chuo tajiri, wataalamu tele, na bado vitabu viliungua. Funzo ni moja katika visa vyote viwili: hifadhi ya mahali pamoja si hifadhi. Nakala sharti ziwe kadhaa, katika miji tofauti, chini ya mikono tofauti.

Fauka ya hayo, picha haiwezi kubeba yote yaliyomo katika mswada. Karatasi zilizotumiwa huku pwani zilikuja kwa majahazi kutoka mbali, na baadhi zilitengenezwa Italia. Ukiinua ukurasa kwenye mwanga, waweza kuona alama ya kiwanda, kama ile ya hilali tatu, nayo husaidia kukisia umri wake. Mshono wa kitabu, harufu ya wino, jinsi ulivyopenya karatasi, doa la mafuta ya taa, yote hayo ni habari. Ndiyo maana biashara ya kuuza ukurasa mmoja mmoja kwa watalii ni uharibifu maradufu. Ukurasa wa mwisho ndio wenye jina la mwandishi, tarehe, na mara nyingi jina la aliyekiweka kitabu wakfu. Ukiuzwa huo, kitabu kilichobaki ni yatima.

Karatasi bila msomaji

Tuseme sheria imerekebishwa. Tuseme pia kwamba kila kasha limefunguliwa na kila ukurasa umepigwa picha na kuhifadhiwa mahali patatu. Bado tutakuwa hatujafika, maana nani atakayesoma?

Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kusoma maandishi ya wengine na kuyanyoosha kabla hayajafika kwa msomaji. Nilidhani nina jicho. Siku nilipoketi mbele ya ukurasa wa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, nilijua kwamba mimi ni mwanafunzi wa chekechea.

Alfabeti ya Kiarabu ina alama tatu tu za irabu, ilhali Kiswahili kina irabu tano. Alama moja husimamia ‘i’ na ‘e’, nyingine ‘u’ na ‘o’. Hakuna herufi ya ‘p’, na waandishi wa kale waliitumia ‘b’ badala yake. Sauti kama ‘mb’ nayo iliandikwa kwa herufi hiyo hiyo. Kwa hivyo msomaji anapokutana na ‘b’ mbili zenye alama ya ‘a’, huenda mwandishi alikusudia baba, au papa, au bamba, au pamba. Penye ‘k’ mbili na alama ya ‘u’, yaweza kuwa kuku au koko.

Kinachoamua ni maana ya ubeti, vina, mizani, na zaidi ya yote ujuzi wa lahaja. Mtu wa Lamu husema ‘nti’ pale wengine wanaposema nchi, na ‘moya’ badala ya moja. Anayejua Kiarabu barabara lakini hajui Kiamu atakwama. Anayejua Kiswahili sanifu pekee atakwama zaidi, na pengine ‘atasahihisha’ kisichokuwa na kosa.

Waliokuwa na elimu zote tatu, yaani hati, lahaja na kanuni za ushairi, wamekuwa wakituondokea mmoja baada ya mwingine. Sheikh Yahya Ali Omar wa Mombasa, aliyefunza kwa miaka mingi London na kupendekeza njia bora ya kuandika Kiswahili kwa herufi hizo, alifariki mwaka 2008. Ustadh Ahmed Sheikh Nabhany, mzaliwa wa Matondoni, Lamu, ambaye Wakenya wengi wanamjua kwa neno ‘runinga’, alifariki mwaka 2017. Kila mmoja wao alikuwa maktaba inayotembea. Wapo waliobaki, lakini ni wachache, na umri unasonga.

Chanzo cha upungufu huo si fumbo. Mwaka 1930 iliundwa Kamati ya Lugha ya maeneo ya Afrika Mashariki ili kusanifisha Kiswahili kwa msingi wa Kiunguja na kwa herufi za Kilatini. Usanifishaji ulileta faida ambazo hata gazeti hili ni tunda lake. Lakini hati ya Kiarabu ilibaki madrasa, lahaja zikabaki majumbani, na shule zikawafunza watoto kwamba yote mawili si elimu. Leo wapo vijana wengi wa pwani wanaozisoma herufi za Kiarabu kila siku katika Kurani, lakini hawajawahi kuonyeshwa kwamba kwa herufi hizo hizo bibi yao wa tatu aliandika Kiswahili.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaodhani kwamba tatizo ni pesa na mitambo tu. Kuhifadhi karatasi bila kumwandaa msomaji ni kutunza kufuli na kutupa ufunguo. Tena mpangilio wa kazi huenda ukawa kinyume cha tunavyodhani. Karatasi iliyotunzwa vyema yaweza kungoja miaka hamsini. Mzee wa miaka themanini hawezi.

Lifanywe nini?

Kwanza, Bunge lifute maneno “isipokuwa kitabu au hati” katika maelezo ya kitu cha kale. Hilo halihitaji bajeti. Linahitaji mbunge mmoja mwenye ari, na bila shaka wabunge wa kaunti sita za pwani wanaweza kuafikiana kuhusu jambo hili hata kama hawaafikiani kuhusu mengine. Mkataba wa UNESCO wa 1970 kuhusu biashara haramu ya mali ya utamaduni uliitaja miswada adimu na vitabu vya kale waziwazi, kwa hivyo wazo hili si geni duniani.

Hata hivyo, ulinzi usigeuzwe unyang’anyi. Mmiliki akihofia kwamba afisa atakuja na gari kubeba kasha, atalificha au ataliuza usiku. Sheria iseme bayana kwamba kitabu ni mali ya familia au ya wakfu, na kwamba kinachokatazwa ni kukitoa nchini au kukiuza bila idhini.

Pili, uanzishwe usajili wa nyumba kwa nyumba, unaoongozwa na wenyeji wanaoaminika, wakiwemo wanawake, kwa sababu mara nyingi wao ndio walinzi wa makasha. Kila anayetoa kitabu kipigwe picha apewe stakabadhi, na kitabu kirudi siku hiyo hiyo. Mfano wa Riyadha ulithibitisha kwamba jambo hilo linawezekana. Huko Timbuktu, nchini Mali, mwaka 2012 wapiganaji walipouteka mji, miswada mingi mno ilinusurika kwa sababu familia zilikuwa na imani na Abdel Kader Haidara na wenzake, wakawapa masanduku yao yasafirishwe kwa siri hadi Bamako. Imani hiyo ilikuwa imejengwa kwa miaka mingi kabla ya vita. Haijengwi siku nyumba inapoungua.

Tatu, vyuo vikuu vinavyofunza Kiswahili, hususan vilivyo pwani kama vile Pwani, vianzishe somo la kusoma hati hizi, na wazee wenye ujuzi walipwe kama walimu, si kama ‘wasaidizi’ wa kutajwa kwenye shukrani. Mwanafunzi mmoja akiketi na mzee mmoja kwa mwaka mmoja, huenda tukapata Sikujua wa karne hii.

Nne, Kenya iombe rasmi nakala za picha za miswada yote ya mwambao iliyo ng’ambo, na ziwekwe Lamu, Mombasa na Nairobi, mahali ambapo mwanafunzi wa kidato cha nne anaweza kuzifikia bila viza. Mjadala kuhusu kurejeshwa kwa asili zenyewe nao uendelee, lakini usizuie kupatikana kwa nakala leo.

Wakati haya yakisubiriwa, mwenye kasha nyumbani anaweza kuanza mwenyewe. Asianike karatasi juani, kwani jua huzifanya zikauke na kukatika. Asizibandike gundi ya utepe wala kuzifunga ndani ya plastiki, kwa sababu unyevu hunaswa humo na kuzaa ukungu. Azilaze, asizisimamishe. Aziinue kutoka sakafuni, mbali na ukuta wenye chumvi, ndani ya kitambaa safi cha pamba na kasha lisilo na mchwa, na alifungue mara kwa mara lipate hewa. Na asiazime kitabu bila maandishi na mashahidi, hata mgeni awe mtanashati namna gani.

Bandari mpya ya Lamu ilipoanza kupokea meli mwaka 2021, viongozi walijigamba kwamba mji huo umefunguliwa kwa ulimwengu. Ukweli ni kwamba Lamu ilikuwa wazi kwa ulimwengu karne nyingi kabla ya hapo, na ushahidi wa hilo umo katika makasha yanayooza hatua chache kutoka gatini.

Sijui kama furushi la mama yule lingalipo. Ninachojua ni kwamba hakuninyima kwa sababu ya ujinga wala uchoyo. Alikuwa akilinda kwa njia pekee aliyoachiwa, yaani kutomwamini mtu. Taifa linalotaka afungue kasha lake halina budi kwanza kumrudishia kilichoazimwa, kisha limpelekee kijana anayeweza kumsomea maneno ya babu yake.